Mizani na Mgongo wa Mama Riziki

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha afya cha Katogota, titulere, yaani muuguzi mkuu, alinikuta nimepiga magoti chini ya mizani ya kuning'inia. "Weye, unaisoma ao unaiomba?" Akaniinua. Sindano ya mizani, ule mshale wa namba, husomwa macho yakiwa sawa nayo. Ukiitazama toka chini ao pembeni, inakudanganya. Hilo ndilo kosa la kwanza, la jicho.

La pili nilifundishwa na watoto wenyewe. Mtoto akipiga miguu, sindano inacheza, mara juu, mara chini. Kosa hilo halina upande, kwa hiyo unapima mara tatu na kushika wastani. Nililipenda, maana lilinipa ruhusa ya kuwaimbia.

La tatu lilitaka kutuumizia mtoto. Suruali ya mizani, ule mfuko wenye matundu mawili ya miguu, ilikuwa imepasuka. Nikamwomba fundi atushonee nyingine ya turubai. Asubuhi ya kupima, kila mtoto ameongeza kilo. Wamama vigelegele, nami kiburi kimenijaa. Ila mmoja wao, Mama Riziki, hakucheka.

"Furahi, mama," nikamwambia. "Mwanao Riziki ametoka kwenye listi ya maziwa ya watoto waliokonda."

"Mizani inasema ameongeza. Mugongo yangu inasema amepunguka. Minye ndiye namubeba mpaka shambani. Weye unamubebaka saa ngapi?"

Wamama wakaangua kicheko. Nikapima tena mara tatu, namba ileile. "Unaona?"

Titulere alikuwa amesimama mlangoni. "Mutoe mutoto."

Nikamtoa. Suruali ikabaki tupu, na sindano haikurudi kwenye sifuri. Turubai lilikuwa zito kuliko kitambaa cha zamani, na uzito wake nilimwongezea kila mtoto. Kosa la namna hiyo linaegemea upande mmoja. Hata ukipima mara mia, linarudia uongo uleule.

Titulere akazungusha skrubu mpaka sifuri. Tukampima Riziki upya: amepungua kweli. Akarudi kwenye listi, na tukawaita wote wa asubuhi ile wapimwe upya.

"Pole, mama," nikasema.

"Si neno. Kesho ubebe weye."

Ninyi mnaoanza leo na mizani zenye namba za kuwaka, ziangalieni kwanza zikiwa tupu.

Nimestaafu, naishi Songo. Juzi Riziki alikuja toka Mulongwe na mtoto wake mgongoni, akaniwekea mikononi. "Anaongeza, docta?"

Nilimpakata kidogo, nikamwimbia, kisha nikamrudisha kwa mama yake.

"Uliza mugongo yako," nikamwambia.