Udongo Mweupe Juu ya Mwekundu

We umeshawahi kuona ukuta unavua nguo? Mimi nimeuona, hapa hapa Nyasura, jikoni kwangu.

Mjukuu wangu wa kike anasomaga chuo, mambo ya vitu vidogo ambavyo macho hayavioni. Alikuja likizo mnyonge, anasema harudi tena. Akanieleza huku tunachambua dagaa. Anasema kutu ni chuma kimeshikana na hewa, na metali nyingi zina kutu zao. Wao wanachukua kutu za aina mbili, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, wanalaza moja juu ya nyingine, halafu wanataka umeme upite pale zinapokutana. Sasa kwenye zake akaona vishimo, mahali chembe za ile hewa zimekosekana. Akavichukia. Akazichoma kwenye hewa safi mpaka vishimo vyote vikajaa. Umeme ukagoma. Mara tatu hivyo hivyo. Mwalimu amemwachia nafasi moja tu, akikosa anatolewa.

Nikamwambia basi, njoo tusiribe ukuta wa jiko. Udongo mwekundu ni wa hapa, mweupe dada yangu alinitumia kutoka Butiama. Mwekundu kaupaka yeye. Akausugua na jiwe la ziwani mpaka unang'aa kama sahani. Sisi tunauchoraga na gunzi kabla haujakauka, lakini nilimwona amefurahi, nikamwacha. Ulivyokauka nikapaka mweupe juu.

Kesho yake mweupe wote uko chini, umedondoka mabamba mabamba, kuku wanatembea juu yake.

"Bibi, ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikiliza? Wewe msomi."

Akacheka, mara ya kwanza tangu aje. Akaokota bamba moja, akaligeuza, mgongo wake laini kabisa. Akaniuliza gunzi linafanyaga nini. Nikamwambia linachimba, ule wa juu upate pa kushika. Akakaa chini hapo hapo, uji wake unapoa. Baadaye akasema siyo sawasawa na ukuta, kwenye kutu zake vishimo havishiki kitu, vinauachia umeme utembee. Lakini anasema muda wote alikuwa anaziba kile anachokitafuta.

Juzi nimemsindikiza stendi ya Bunda, anarudi chuo. Woga bado anao, anasema vishimo vikizidi navyo vinaharibu. Pale dirishani kwenye basi akaniahidi: safari hii ataacha vichache, na umeme ukipita au ukigoma, wa kwanza kupigiwa simu ni mimi, kabla ya mwalimu.