Mlango Usiokuwa Kwenye Ramani

Jina la aliyetuletea barua hii tunalo. Kwa ombi lake tumelificha, na majina ya watu wake tumeyabadili.

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, Mhehe wa Iringa, fundi mwashi. Mke na watoto nimewaacha nyumbani, nami niko huku Mbeya, upande wa Uyole, tangu mwaka jana. Nasimamia ujenzi wa nyumba nane za watu wa hali ya chini. Fedha ni za msaada kutoka Ulaya. Wenyewe waliotoa hatujawaona, ila masharti yao tumeyaona. Leo maji yamenifika shingoni, na aliyenitosa ni mdomo wangu mwenyewe.

Sharti la kwanza, nyumba zote zifuate ramani: mlango mmoja mbele, ukumbi mwembamba, chumba huku na chumba huku. La pili, anayepewa nyumba abomoe kwanza kibanda chake cha udongo. La tatu, mabati ya nyumba nne za mwisho hayaletwi mpaka bwana mkaguzi aridhike na nne za kwanza. Kazi ya kuwashawishi watu wabomoe nilipewa mimi, maana karani wa mradi anaogopa kutukanwa.

Kati ya watu wa zile nyumba nne za kwanza yumo Mzee Ambakisye, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyefiwa na mkewe. Alikuwa na kibanda chake, na nyuma ya migomba kulikuwa na kibanda cha mwanawe, ambaye ni utingo wa malori ya Iringa na nyumbani huonekana siku mbili kwa mwezi. Humo aliishi mke wa kijana huyo, nimwite Tupokigwe, na mtoto mchanga. Nikamwambia mzee, "Mtapata vyumba viwili vya tofali, wewe chako na wao chao. Mnataka nini tena, mzee wangu?" Akanitazama, akauliza, "Na njia, fundi?" Nikamjibu njia ipo, mlango mpana tu. Akaingia ndani kuanza kutoa vyombo. Nikadhani amekubali, kumbe nilikuwa nimemshinda kwa maneno. Kesho yake vibanda vyote viwili vikaanguka, na aliyepiga jembe la kwanza ni mimi.

Wasomaji Wanyakyusa mmeshaelewa. Sisi kwetu mkwe tunamheshimu lakini tunapishana naye mlangoni. Kwao mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona kwa mbali njiani hujifunika na kuingia majanini mpaka mzee apite. Sasa waweke watu hao kwenye ukumbi ambao mimi nikibeba ndoo siwezi hata kugeuka. Nyumba ilipoisha wakahamia, Tupokigwe akawa anajifungia chumbani na mtoto mpaka asikie mzee amekohoa na kutoka. Mzee naye alikuwa anatoka mapema na baridi yetu hii, anakwenda kukaa sokoni kutwa, hauzi wala hanunui, ili mke wa mwanawe apate kwenda chooni. Mama mmoja jirani ndiye aliyeniambia, tena kwa hasira: "Fundi, umewajengea gereza."

Nikaona haya. Jumapili moja nikachukua nyundo na tindo, nikatoboa ukuta wa nyuma wa chumba cha Tupokigwe, nikatia fremu na mlango wa mbao zilizobaki. Jiko na choo vikawa hatua chache tu. Sikumwomba mtu ruhusa. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Ndaga, fundi," yaani asante, basi. Siku ile nilitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Kisha akaja mkaguzi. Akaizunguka nyumba mara mbili, ramani mkononi, akauliza nani aliyechora mlango huu. Nikamweleza habari ya mkwe tangu mwanzo. Nasema kweli, alinisikiliza. Halafu akasema ukuta ule umebeba paa, na wenye fedha wanataka nyumba nane za namna moja. "Ziba. Nikirudi mwisho wa mwezi mlango upo, mabati hayaji."

Na wale wa nyumba nne za mwisho walishabomoa vibanda vyao. Wengine wamejibanza kwa ndugu, wengine wako chini ya turubai, na mawingu mnayaona. Mama mmoja mwenye watoto watano alinifuata kazini akaniambia, "Kwa sababu ya haya ya mwanamke mmoja, wanangu walowe?"

Karani ananishauri nizibe bila saruji, mkaguzi akiondoka nitoboe tena. Lakini nimetakiwa nitie sahihi kwamba ukuta ule sitaugusa, na bwana mkaguzi atapita kila mwezi mpaka nyumba zote zikabidhiwe. Mzee anasema atarudi Tukuyu, ilhali huko hana nyumba wala mtu, na kifua chake ni kibovu. Tupokigwe hataki kusikia neno hilo, asije akaitwa mwanamke aliyemfukuza baba mkwe.

Jana nilijikaza. Nikapeleka tofali nyuma ya nyumba, nikachanganya saruji, nikapanga mistari mitatu. Tupokigwe alikuwa amesimama ndani, mtoto mgongoni, ananitazama tu. Nilipoinua tofali la mstari wa nne akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, nitoke sasa hivi, au unaniziba humu ndani?"

Niliweka mwiko chini nikaondoka. Saruji imenikaukia kwenye karai.

Zimebaki wiki tatu. Nijibuni kupitia ukurasa huu, msinionee huruma, niambieni ukweli, hasa ninyi akina mama: mstari wa nne niupange, au nibomoe hiyo mitatu?