Gari la Marehemu na Jekundu Jipya, Barabara ya Isiolo

Niliondoka Thika kwa sababu mjane mmoja wa Isiolo alinipigia simu akitaka kuambiwa ukweli, na ukweli wa magari ndio kazi yangu. Wasomaji wa jarida letu mnanijua: hupewa gari, nikaliendesha, nikaandika sifa na aibu zake, kisha nikalirudisha likiwa chafu. Safari hii nilikuwa nimeazimwa gari jipya jekundu la viti viwili, lenye paa la kitambaa linalojikunja ukibonyeza kitufe, na nilikuwa natafuta gari la mbio la zamani la kulishindanisha nalo. Mjane huyo, Mama Halima, alizisikia habari hizo kwa fundi wake. Marehemu mumewe alikuwa amemwachia gari la mbio la miaka ya tisini, la kijani, na sasa shemeji yake alikuwa amepata mtu wa kulinunua.

"Nataka uendeshe hiyo yako, halafu uendeshe hii yetu, barabara moja," aliniambia. "Kisha uniambie bila kunificha. Kama gari imekwisha, shemeji aichukue. Kama haijaisha, nabaki nayo. Mimi sijui mambo ya gari, na hapa kila mtu ananiambia kile anafikiri nataka kusikia."

Nilimwahidi ukweli. Kuahidi ni rahisi mtu akiwa bado Thika.

Asubuhi ya kuondoka, nililiweka begi langu na chupa ya chai kwenye kiti cha pili. Gari likaanza kunipigia kengele kwamba abiria wangu hajafunga mkanda. Nikalifunga begi mkanda. Gari la viti viwili ni gari la watu wawili, hilo hata aliyelibuni alilijua, lakini tangu mke wangu aamue kwenda kuishi kwake, mwenzangu wa safari ni begi. Halina maneno mengi, ila kwenye kona huniegemea.

Karatina nilishusha paa, Nanyuki nikalipandisha tena mbio, maana baridi ya kule haina adabu. Nilipoegesha ninunue mkate, watu walikuja kulitazama gari kama linauzwa. Mama mmoja muuza ndizi alilizunguka, akachungulia ndani, akaniuliza, "Na mwenyewe wa hiki kiti kingine ako wapi?" Nikamwambia amechelewa. Akacheka, nami nikacheka, kisha nikaondoka bila mkate niliokuwa nimeufuata.

Baada ya Timau barabara inaanza kuteremka, na kila ukishuka unavua kitu: kwanza koti, halafu sweta, halafu kiburi. Mashamba ya ngano yanakwisha, miti inapungua, joto linakuja kukulaki. Nilifika Isiolo mjini wakati watu wanatoka kuswali adhuhuri. Mtaani Bulla Pesa, anakoishi Mama Halima, nilipata taabu, maana vichochoro vya kule havikutengenezwa kwa gari lenye tumbo la chini namna ile. Kwenye mtaro wa maji nilisikia tumbo hilo likisuguka, nikafumba macho, kana kwamba kufumba macho kunaponya rangi.

Fundi Guyo alikuwa ananisubiri getini. Ni jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono isiyotulia bila spana. Alinipeleka barazani alikokuwa Mama Halima.

"Salaam aleikum, mama."

"Waaleikum salaam, ndugu yangu. Karibu. Pole na barabara."

Tulikaa, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, Guyo katikati, kama inavyopasa. Mama Halima alikuwa ametoka eda hivi karibuni tu, ile miezi mjane anayokaa ndani akimwomboleza mumewe, na bado alikuwa akiangalia jua kwa kukunja uso kama mtu aliyelisahau. Aliniambia habari za marehemu mumewe, Mzee Yusuf. Babu yake alikuja na jeshi la Mwingereza, vita vilipokwisha akaachwa Isiolo, wajukuu wakawa watu wa malori. Malori yake yalikwenda Moyale na kurudi. Maisha yake yote Mzee Yusuf alihesabika mtu wa busara, isipokuwa siku moja aliyokwenda Nairobi kununua tairi za lori akarudi na gari la kijani la viti viwili.

"Watu walicheka," Mama Halima alisema. "Watoto sita, na gari ya watu wawili! Nilimuuliza, sasa wengine watapanda wapi? Akaniambia, wengine wana miguu."

Alicheka, cheko likakatika katikati. Watoto wote sita wako mbali sasa, aliniambia, na nyumba ni kubwa. Shemeji angekuja kesho baada ya magharibi pamoja na mnunuzi, naye alitaka kuwa na jibu kabla hawajagonga geti.

Kesho yake asubuhi nilianza na jekundu. Njia niliyochagua ni ile ya kaskazini, kutoka mjini kupita Ngare Mara hadi daraja la Archer's Post, kisha kurudi. Wasafiri wanaoijua hawahitaji nisifie lami ile. Imenyooka, nyeusi, safi, na pande zote mbili ni michongoma na vichuguu, mpaka kwenye milima iliyokaa mbali, isiyo na haraka na mtu. Nilishusha paa, nikakanyaga.

Ndugu wasomaji, gari jipya ni gari. Linavuta bila kunung'unika, breki zake zinashika pale pale unapotaka, kona linaikata likiwa limetulia, na kiyoyozi kinapuliza baridi hata paa likiwa wazi, jambo ambalo ni israfu na nililifurahia. Injini yake huisikii. Kwenye matuta ya Ngare Mara tu ndipo liliponikumbusha kwamba halikuzaliwa huku. Nilipofika darajani nilikigeukia kiti cha pili nikiwa na neno mdomoni, "Umeona?" Begi halikuwa limeona kitu. Pale njia ya Gotu inapoachana na lami palikuwa na mzee amekaa chini ya mgunga na ngamia zake wachache. Nilimpungia mkono wakati wa kurudi. Alinitazama jinsi mtu anavyotazama ndege ya juu angani.

Alasiri ilikuwa zamu ya la kijani. Guyo alinikabidhi ufunguo, akalipangusa boneti kwa mkono wa shati. "Betri iko sawa," alisema. "Gia ya pili usilazimishe, iombe tu." Mama Halima alibaki barazani. Asingeweza kupanda na mwanamume asiye wake, na wala hakuonyesha kutaka. Alinisindikiza kwa macho mpaka getini.

Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea kwa umbo la mtu mwingine. Vioo vya pembeni vilikuwa vimeelekezwa kwa mtu mrefu kuliko mimi, nikavirekebisha kwa aibu kidogo, kama anayehamisha viatu vya mwenye nyumba. Ndani mlinukia vumbi na ubani. Nilipoliwasha liliunguruma hadi nikashtuka, maana ekzosi yake ni ya wakati ambao magari hayakuona haya kusikika.

Na sasa aibu zake. Usukani mzito, breki zinavutia kushoto, shokabu zimechoka, kiyoyozi kilikufa zamani. Gia ya pili niliiomba kwa heshima zote na bado ilinikatalia mara mbili. Kila jambo tunalolipima katika jarida hili, gari jipya lilikuwa limelishinda asubuhi ile, na kulishinda vibaya. Kabla sijafika Ngare Mara nilikuwa na jibu langu. Gari lilikuwa limekwisha. Kulitengeneza vizuri kungekuwa kazi ya kulizaa upya. Nilipita matuta yale nikiwaza nitaanzia wapi kumwambia mwanamke aliyeniambia asifichwe.

Kwenye njia ya Gotu yule mzee alikuwa bado yupo. Safari hii alisikia kabla ya kuona. Alisimama, akainua fimbo, akaja kando ya lami akitabasamu kwa meno yote aliyobakiwa nayo. Ngamia walikuwa wanavuka, nikasimama. Akainama dirishani.

"Yusuf!"

Tabasamu lake likasimama lilipokuwa.

"Salaam aleikum, mzee," nilisema.

"Aleikum salaam. Hii ni gari ya Yusuf. Yusuf iko wapi?"

"Yusuf amefariki, mzee. Ni miezi sasa."

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun." Aliweka kiganja juu ya paa la gari, akakiacha pale ingawa bati lilikuwa la moto. "Mimi nilikuwa Sericho na ngamia. Huko maji ilikuwa shida, habari pia shida. Nimefika jana. Leo tangu asubuhi nimekaa hapa, nikasema lazima atapita tu."

Nilimpa maji niliyokuwa nayo. Hakunywa. Aliyamimina kwenye kidumu chake polepole, hakumwaga tone, akanirudishia chupa. "Mwambie yule mama, Galgalo amejua," alisema. "Mwambie hivyo tu. Galgalo amejua."

Niliendelea hadi darajani kwa sababu njia ilikuwa bado haijaisha, lakini sikuwa napima tena kitu. Nitasema nilivyohisi. Nilimwonea wivu marehemu. Mtu alikuwa amekaa kutwa nzima kando ya lami akimngoja, na mimi nilikuwa nimeendesha kutoka Thika hadi pale bila kuzuiwa na simu ya mtu yeyote kuuliza nimefika wapi. Nilizima gari kandokando ya mto Ewaso Nyiro, nikakaa kwenye kibonyeo cha mtu mwingine, nikajihurumia bila kificho.

Njia yote ya kurudi nilikuwa natunga uongo. Ningesema injini ni nzima, ambayo ni kweli. Ningesema breki ni kazi ndogo, ambayo si kweli. Mama huyu mpweke aachiwe gari lake, nani ataumia? Nilipopita msikiti wa kwanza wa Bulla Pesa uongo wangu ulikuwa umeiva kabisa, ulibaki kupakuliwa.

Geti lilikuwa wazi. Sikuwa nimepiga honi wala kushuka. Mabawa yote mawili yalikuwa yamesukumwa hadi ukutani, na Mama Halima alikuwa amesimama kando ya moja, mkono bado juu ya chuma, shungi limemteleza begani. Hakunitazama mimi. Nililiingiza gari hadi mahali pake. Guyo alitoka kwake akija mbio kidogo, akidhani kuna lililoharibika.

"Zima," Mama Halima alisema.

Nikazima.

"Guyo, usikasirike na mimi," alianza. "Wakati nilikuwa kwa eda, kila alfajiri ulikuwa unakuja unawasha hii gari, betri isikufe. Ulifanya wema, Mungu akulipe. Lakini mimi niko ndani, siwezi kutoka, na nasikia mzee anawasha gari. Nasikia anaondoka, vile alikuwa anaondoka siku zote kwenda kwa malori. Halafu unazima, kimya. Kila siku anaondoka, Guyo. Hiyo miezi yote sijamsikia akirudi hata siku moja."

Guyo alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama, si ungeniambia?"

"Ningekuambiaje? Ungeona nimekataa wema wako." Alijifuta uso kwa ncha ya shungi, bila kujificha. "Leo nimesikia gari tangu kule msikitini. Miguu ikatoka yenyewe. Nimefungua geti kabla sijafikiria nafungulia nani."

Nilishuka. Nilitaka kusema nilichokuwa nimekipika, nikaanza, "Mama, kuhusu hili gari..."

"Wacha, ndugu yangu. Usiniambie." Aliliangalia gari kwa muda, likitoa vile vilio vidogo vya chuma kinachopoa. "Sasa amerudi. Shemeji akuje achukue."

Nilimpa salamu za Galgalo. Kwa mara ya kwanza alicheka hadi mwisho wa cheko. "Huyo! Kila safari mzee anamwachia sukari kilo nzima, halafu anakuja kunidanganya imemwagika njiani." Kisha akamwomba Guyo afunge geti, na Guyo akafunga taratibu sana, kama mlango wa chumba cha mgonjwa. Shemeji alipofika na mnunuzi nilikuwa nimekwisha aga.

Siku ya pili yake niliondoka Isiolo kungali na ubaridi. Timau nilipandisha paa, Karatina nikanywa chai nikiwa nimesimama, na gari jekundu likanirudisha kwa utulivu wake uleule, bila kosa hata moja. Kwa hiyo hukumu yangu, kwa ajili ya mliokuwa mnaisubiri: nunueni jipya. Ni bora kwa kila kipimo tulicho nacho. Ila nimejifunza kwamba kuna kipimo tusichokuwa nacho, na hicho hakipimwi na aliye ndani ya gari. Kinapimwa na aliye nyumbani, anayejua mlio wako kati ya milio yote ya barabarani.

Nilifika Thika jioni. Nilisimama mbele ya geti langu, injini ikiwaka kimyakimya, na nilikaa muda mrefu kuliko inavyohitajika kukaa mbele ya geti. Kisha nilishuka, nikalifungua mwenyewe, nikaliingiza gari, nikarudi kulifunga.