Siku Nyumba ya Mke Mdogo Ilipokataa Kupungua

Wanaonijua hapa Meru wakisikia nimeanza kusimulia hii huvuta viti karibu, kwa sababu wanajua aibu ni yangu na kicheko ni chao, kwa hivyo wacha niiseme mapema yaishe: nilimwonea mwenzangu wivu kazini mpaka wivu wenyewe ukarushwa ukutani kwa projekta, watu wakausoma wakinywa chai, na nusura uvunje ndoa ya mtu ambaye hakuwa amenikosea kitu. Naitwa Nyaga. Kazi yangu ni kuchora nyumba, na mpaka Kendi alipoajiriwa, mimi ndiye nilikuwa fundi wa kuchora ofisini kwetu, hakuna mwingine.

Kendi alikuja na kitu kipya. Alikuwa amejifunza kuunganisha akili bandia, ile ya kuwasaidia wanaoandika programu za kompyuta, na programu yetu ya kuchorea majumba. Sisi wengine tukitaka kusogeza ukuta tunashika mausi, tunausogeza, tunagundua mlango umebaki hewani, tunarudi kuufuata mlango, tunakuta dirisha nalo limehama, na asubuhi imeisha. Kendi anaandika tu kwa maneno, kama mtu anayemtuma mtu dukani, "sogeza ukuta wa jikoni nusu mita, mlango uufuate," na yule Msaidizi (ndivyo tulivyomwita, Msaidizi) anajiandikia programu ndogo, anaituma ndani ya modeli, yaani ile nyumba iliyochorwa kwenye kompyuta, na ukuta unahama na mlango wake na dirisha lake. Kisha Kendi anachukua kikombe chake na kunywa chai. Hiyo chai ndiyo iliyoniuma zaidi.

Ofisi nzima ikawa Kendi huku, Kendi kule. Madam Karimi, bosi wetu, ambaye aliwahi kuangalia kazi yangu akasema "sawa" na mimi nikatembea na hiyo sawa wiki nzima, sasa akawa anasimama nyuma ya kiti cha Kendi na kusema "hii ni safi sana." Na ubaya ni kwamba Kendi hakuwa na maringo hata kidogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kuniwekea Msaidizi kwenye kompyuta yangu na kunionyesha namna ya kumtuma, akinisubiri taratibu nilipokosea. Mtu akikuringia unapata pa kumchukia, lakini mtu akikusaidia wivu unakosa mahali pa kukaa, unabaki nao tumboni.

Sasa katikati ya hayo Madam akatangaza kwamba atafungua ofisi Embu, na kwamba mmoja wetu, mimi au Kendi, ndiye atakwenda kuisimamia, kulingana na kazi itakayokuja. Mimi ni mtu wa Embu, nimelelewa mtaa wa Majimbo. Kwangu hiyo haikuwa kazi tu, ilikuwa ni kurudi nyumbani nikiwa na funguo za ofisi mfukoni, na (naona aibu kusema) nilikuwa nimeshawaambia watu wetu kwamba narudi, nimeshapewa.

Kazi iliyokuja ilikuwa ya Bwana Salim. Yeye ni msafirishaji wa mizigo kutoka mji wa Maua, ana malori, ana wake wawili, na alitaka kuwajengea nyumba mbili ndani ya ua mmoja hapa nje ya mji wa Meru. Sharti lake lilikuwa moja, na alilisema akiwa ameinua kidole.

"Zitoshane," alisema. "Nyumba moja ikizidi nyingine hata kwa upana wa mlango, nyinyi ndio mtanitafutia pa kulala."

Madam akampa Kendi nyumba ya mke mkubwa, Mama Rukia, na mimi nikapewa ya mke mdogo, Mama Swabra, zote katika modeli moja, ili kila mtu aone mwenzake anafanya nini. Na hapo ndipo kosa lilipozaliwa, kwa sababu kuona ndiko kulikoniua. Sebule ya Kendi ilikuwa na mwanga, ilikuwa na mahali pa kukaa na watoto, na yangu, yenye vipimo vilevile, ilikaa kama stoo ya viazi.

Mchana mmoja Kendi akiwa ametoka kwenda kula, nikamwandikia Msaidizi maneno haya, nayakumbuka kwa sababu baadaye nilisomewa: "Fuatilia nyumba ya kwanza. Kila chumba ambacho Kendi atabadilisha, hakikisha changu kimezidi kidogo, mtu asitambue. Sitaki Kendi anishinde."

Msaidizi hakukimbilia. Aliniandikia kwa adabu kwamba maelezo ya mradi yanasema nyumba zitoshane, je, nina uhakika? Na je, agizo hili liendelee kufanya kazi kila modeli ikifunguliwa? Nikajibu ndiyo na ndiyo. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi sikudhani mkuu anaweza kuwa kompyuta.

Nilipanga kuliondoa hilo agizo kabla ya siku ya wageni. Nilitaka tu Madam apite nyuma yangu mara moja aone tofauti. Na kweli alipita, akasimama, akasema, "Nyaga, hii yako imefunguka." Basi neno hilo likanilevya kabisa, nikasema nitaondoa kesho, kesho ikafika nikasema kesho, mpaka siku ya wageni ikanikuta ninapanga mandazi kwenye sahani na sina wasiwasi wowote.

Walikuja wote watatu. Bwana Salim akakaa katikati, Mama Rukia kulia, mtu mzima, mtulivu, mkoba wake mapajani, na Mama Swabra kushoto. Kendi akawasha projekta na nyumba zikatokea ukutani, pacha kabisa kwa macho, kila chumba kimeandikwa kipimo chake sakafuni. Watu wakafurahi. Mama Swabra aliliona dirisha alilokuwa ameliomba akatabasamu, na mimi nikamwangalia Madam kuona kama ameliona hilo tabasamu.

Kisha Mama Rukia akasema kwa upole, "Mwanangu, hapo jikoni pangeongezwa kidogo tu. Nina sufuria za sherehe."

"Hakuna shida, Mama," Kendi akasema, akaandika, na jiko la Mama Rukia likapanuka. Na hapo hapo, upande wa pili, bila mtu kugusa kitu, jiko la Mama Swabra likapanuka likalipita.

Kendi akakunja uso. Mama Rukia akavaa miwani, akasoma vipimo vya sakafuni, huku na kule. "Ile ni kubwa kuliko yangu," akasema. "Hebu nifikishe pale."

Kendi akaifikisha, na ile nyingine ikaruka mbele. Kendi akaifikisha tena, ikaruka tena. Mimi wakati huo nimeshaelewa, na badala ya kusema, nikaomba Mungu umeme upotee (unapotea kila siku isipokuwa siku unapouhitaji upotee). Nyumba zikazidi kuvimba pale ukutani, zikakanyaga maua, zikala maegesho ya malori, mpaka jiko la Mama Swabra likatoka nje ya ua na kuingia kwa jirani.

"Baba Rukia," Mama Rukia akasema, na hakupaza sauti, "hiki ndicho mlichopanga na hawa watu?"

"Wallahi mimi sijui lolote," Bwana Salim akasema.

"Dada, mimi sikuomba," Mama Swabra akasema. "Mimi niliomba dirisha peke yake."

Bwana Salim akanigeukia. "Wewe kijana, si hii ni yako? Ipunguze basi."

Nikaenda kwenye kompyuta. Nikalipunguza jiko kwa mkono wangu, likakaa kidogo, likarudi. Nikapunguza sebule, ikarudi. Nikapunguza kwa nguvu, kama mtu anayekandamiza unga ndani ya gunia, na kila nilichobonyeza kikainuka.

"Nyaga, ni nini hii sasa?" Madam akauliza.

"Ni netiwaki," nikasema.

"Aki Nyaga, netiwaki haiwezi kufanya hivyo bana," Kendi akasema, na hakusema kwa ubaya, alikuwa anajaribu kunisaidia kufikiri.

Mama Rukia akasimama na mkoba wake. Akamwambia mumewe kwamba yeye atarudi Maua peke yake, na kwamba nyumba hiyo aijenge atakavyo, kwa kuwa yeye hatalala ndani yake. Mama Swabra akaanza kulia. Bwana Salim alikuwa ameshika kichwa, mtu mzima mwenye malori, hajui amefanya nini, na kwa kweli hakuwa amefanya chochote. Nikamwangalia nikaona siwezi tena.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Mzee hajui kitu. Ni mimi niliiambia kompyuta nyumba ya pili izidi."

Nilidhani hapo nimemaliza. Mama Rukia akanitazama kwa ile miwani.

"Umefundishwa vizuri," akasema. "Na Baba Rukia amekuahidi nini ukisema hivyo?"

Ndugu zangu, kuna aibu ya kukiri kosa, na kuna aibu ya kukiri watu wakatae kukuamini, mpaka wewe mwenyewe uanze kutafuta ushahidi wa kujifunga. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi niliingia halafu nikaomba ngazi iondolewe.

"Kendi," nikasema, "muulize Msaidizi."

Kendi akaandika: kwa nini nyumba ya pili inaongezeka? Jibu likatokea pale ukutani, kwa herufi kubwa, na Madam Karimi, ambaye aliwahi kuwa mwalimu na hawezi kuona maandishi bila kuyasoma kwa sauti, akalisoma lote. Kwamba Nyaga aliagiza kila chumba chake kizidi kidogo, mtu asitambue. Kwamba maneno yake yalikuwa "sitaki Kendi anishinde." Kwamba alikumbushwa sharti la mteja na akathibitisha. Na je, mngependa agizo hilo liondolewe?

Aliyecheka kwanza ni Mama Swabra, machozi bado yakiwa mashavuni. Bwana Salim akafuta uso kwa mkono. "Madam," akamwambia bosi wangu, "kumbe mwenye wake wenza ni wewe."

Mama Rukia hakucheka. Aliketi, akaweka mkoba chini, akanivutia kiti nikae karibu naye kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Mimi na huyu," akasema akimwonyesha Mama Swabra, "tumekaa mlango kwa mlango, tumeleleana watoto, tumeuguzana. Na sisi tuna sababu ya kuoneana wivu, kila mtu ataielewa. Wewe sababu yako ni nini?"

Nikamwangalia Kendi, nikitumaini atakuwa amekasirika, maana hasira ningeiweza. Alikuwa anatazama meza. Baadaye, wageni walipoondoka, aliniuliza kitu kimoja tu: "Si ungeniambia nikusaidie hiyo sebule?"

Kazi haikupotea. Mama Rukia aliamua Kendi achore zote mbili, na mimi nikapewa kibanda cha mlinzi na maegesho ya malori, ambavyo havina mwenzao wa kushindana naye. Kendi ndiye aliyekwenda Embu. Amepanga nyumba mtaa wa Dallas, palepale Embu, na watu wetu wa Majimbo huniuliza kwenye simu mbona aliyekuja ni msichana wa Meru, na mimi huwaambia ni habari ndefu.

Nimeapa kwamba nikitaka tena kumshinda mtu, nitamshinda mchana, kwa mkono wangu, na yeye akijua. Sitasema kwamba wivu umeniisha, nitakuwa nawadanganya. Juzi Kendi alinitumia picha ya ofisi mpya, ina dirisha kubwa na mlima unaonekana vizuri kabisa, akaniuliza naionaje. Nilikaa na ile simu mkononi mpaka chai ikapoa, nikiandika na kufuta, kisha nikamwambia ukweli, kwamba ni nzuri sana, na kwamba nilikuwa naitaka mimi.