Kufuli Lililopakwa Rangi ya Buluu

Kwetu Bugoye, Mto Mubuku ukijaa, husikii maji kwanza. Unasikia mawe yakigongana chini ya mto, na sakafu inatetemeka kidogo chini ya nyayo. Mlio huo tuliujua sana nyumbani, kwa sababu mama yangu, Masika, ndiye aliyetunza lango la mfereji uliopeleka maji mashambani. Lango lilikuwa la chuma, likipandishwa na kushushwa kwa gurudumu, na gurudumu lilifungwa kwa mnyororo na kufuli ili mtu asijiongezee maji. Mvua ya milimani hula chuma, basi mama alikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akakining'iniza juu ya kufuli kama paa dogo. Tundu la ufunguo alilidondoshea mafuta, na siku za kupaka rangi lango, kufuli alilivisha kwanza mfuko wa plastiki.

Msimu mmoja wa mvua tulikuwa tukimsubiri askofu. Mama alikwenda Bwera sokoni kuuza maharage, akalala huko kwa dada yake. Nyuma yake vijana wa kanisa, wakiongozwa na Baluku, mtoto wa baba mkubwa, walilipaka lango rangi ya buluu. Ule mpira waliung'oa wakidhani ni uchafu. Kufuli nalo walilipaka pande zote, tabaka mbili, kwa uangalifu mkubwa, na jua likaikausha rangi. Mama aliporudi kesho yake alasiri, mawe yalikuwa yameanza kunguruma. Ilibidi lango lishushwe mara moja, mafuriko yasiingie mferejini, lakini ufunguo haukuingia. Mama Kavira, muuza vitenge kutoka Butembo, ambaye nyumba yake ilikuwa ukingoni mwa mfereji, alikuja mbio kutoka dukani.

"Mama Masika, funga mayi! Mutoto iko mu nyumba, analala!"

"Mama mdogo, tulitaka lipendeze mbele ya askofu," Baluku alisema.

"Limependeza," mama alimjibu. "Sasa lifungue."

Baluku aliligonga kwa jiwe mpaka mikono ikatoka damu. Kufuli lilibonyea tu. Maji yakapita juu ya kingo. Mama Kavira alishuka mbio akaingia kwake, nami nikauona ukuta wa mbele ukikaa chini, polepole, kama mtu aliyechoka. Kisha alitokea nyuma ya nyumba, mtoto begani, macho ya mtoto yamekodoka, halii.

Siku hizi naishi Kasese mjini, na malango ya mjini ni mengi kuliko ya kwetu. Kila sherehe ikikaribia, vijana hupaka rangi kila kilichosimama. Nikipita, swali hunitoka kabla sijawasalimu: "Ufunguo unaingia?" Wananicheka: "Shangazi, tunapaka tu!" Siondoki. Nasimama palepale mpaka mmoja aujaribu.