Mabomba ya Umeme Ukutani kwa Mama

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu Mwita, ilikuwa Jumatatu asubuhi, hapa hapa Matongo. Mama yangu, yaani bibi yako, alikuwa uani anapepeta ulezi. Tukasikia kishindo chumbani kwake. Tulipoingia tulikuta kipande cha plasta kikubwa kama mlango kimelala juu ya mto wake, na ukuta umebaki wazi, unatiririka maji. Mama aliutazama mto, kisha akanitazama mimi. Mimi nilijua kilichokuwa ndani ya ukuta ule. Nilikuwa nimekijua kwa miaka mitatu.

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitaificha. Watu wa kanisani watakuambia mimi si mtu wa kufoka. Lakini Alhamisi nilipokuja Nyamongo kuona vyumba unavyojenga, nilimkuta fundi wako anafukia ukutani mabomba ya maji yaliyong'olewa kwenye nyumba iliyobomolewa. Yamepasuka, na mahali palipopasuka pamefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nikakuuliza, ukacheka. "Baba, hivi ni vyumba vya wapangaji tu. Plasta ikishapigwa, nani ataona?" Niliondoka bila kunywa chai yako, maana ningekaa ningesema maneno ambayo Mkristo hapaswi kuyasema mbele ya mafundi. Mama yako alidhani naumwa.

Basi sikiliza, maana hili sijawahi kukueleza lote.

Nilikuwa sijafikisha miaka arobaini. Habari zilienea kwamba mgodi wa dhahabu utapanua eneo lake, na kila mwenye nyumba atalipwa fidia. Watu wakaanza kujenga kama wamechanganyikiwa. Nyumba zile tuliziita tegesha, na jina lilizifaa, kwa sababu tulizitega kama mtu anavyotega kwale. Unasimamisha kuta haraka, unaezeka, unamsubiri mthamini aje na kamera yake. Nilisikia kwamba nyumba yenye maji ndani inathaminiwa zaidi. Nikaweka sinki, nikaweka bomba jikoni na bomba bafuni, yanang'aa. Ila ndani ya kuta sikuweka mabomba ya maji. Niliweka yale membamba meupe ya kupitishia nyaya za umeme, kwa kuwa yalikuwa rahisi, na sikutegemea tone la maji lipite humo. Sikuyatia hata gundi kwenye maungio. Nikapiga plasta. Wakati huo, Mungu anisamehe, nilikuwa shemasi.

Mthamini hakufika. Mpaka wa mgodi uliishia ng'ambo ya kijito, na nyumba yangu ikabaki inalaza mbuzi.

Mwaka uliofuata mvua iliangusha nyumba ya udongo ya Mama. Nikamhamishia kwenye tegesha yangu, nikijisikia mtoto mwema kabisa. Maji ya bomba yalipofika kijijini, Mama akasema, "Marwa, si mabomba yapo tayari? Waambie waunganishe." Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Ningemwambia tu, Mama, ngoja kwanza, mabomba haya si ya maji. Badala yake nilijiambia kwamba maji ya huku hayana nguvu, labda yatastahimili. Nikaunganisha.

Jumapili hiyo Mama alisimama kanisani na mkongojo wake. Goti lilikuwa limemsumbua miaka mingi kwenye mteremko wa kijito. Akamshukuru Mungu kwamba sasa anachota maji akiwa ndani ya nyumba yake, na akamshukuru kwa mtoto aliyepewa. Watu wakapiga vigelegele. Nami nilikaa mbele pale na sahani ya sadaka mapajani, nikiitikia amina.

Haukupita muda ukuta wa nyuma ya kitanda chake ukaanza kuota ukungu. Nikamwambia ni mvua. Nikapaka rangi. Ukungu ukarudi, nikapaka tena. Akasogeza kitanda, nikakirudisha mwenyewe, nikamwambia asiogope. Fikiria hilo, Mwita. Nilimrudisha mama yangu kwa mkono wangu chini ya ukuta niliojua umeoza.

Plasta ilipoanguka nilimwita Wambura, fundi bomba. Aligonga mara mbili kwa nyundo, akavuta bomba jeupe, akaligeuza geuza, akacheka mpaka akaketi.

"Mzee Marwa, hapa ulikuwa unapitisha maji au umeme? Mama angefungua bomba akapigwa shoti!"

Majirani wakacheka. Mama hakucheka. Alilichukua lile bomba mkononi mwa Wambura, akanigeukia.

"Nilimshukuru Mungu mbele ya watu kwa ajili ya hili?"

Nikaanza kueleza habari ya fidia, na mthamini, na jinsi kila mtu alivyofanya vile. Akanikatiza. "Hii hukuijenga ikae mtu. Uliijenga ipigwe picha. Mimi nimelala ndani ya picha yako." Kisha akasema, "Mimi nilisimama kutoa shukrani. Jumapili hii utasimama wewe."

Nilisimama. Nilisema yote, na bomba nililibeba. Ushemasi niliurudisha siku hiyo hiyo.

Sasa uniulize gharama. Mabomba mapya ya maji, ya nyumba nzima, yalikuja juu ya bodaboda moja, yamefungwa pembeni. Hayo hayakunisumbua. Kilichonimaliza ni kuta. Wambura alipasua kila chumba, akachimba sakafu ya bafu, sinki likavunjika likitolewa. Ikabidi nipige plasta upya, nipake rangi upya, na ukuta mmoja niujenge kuanzia chini. Niliuza maksai wangu wawili, na msimu ule tulilima kwa jembe la mkono. Na muda wote huo Mama alilala kwenye kibanda cha jikoni na moshi wake, akashuka tena kijitoni na goti lile. Nilimwomba asiende, nitachota mimi. Akanijibu, "Wewe maliza ukuta."

Alimaliza miaka yake akinywa maji ya mabomba halali. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku, kwa sababu plasta ile ingeweza kuanguka amelala.

Ndiyo maana neno lako "wapangaji tu" limenichoma. Mpangaji ataweka godoro lake pale pale fundi wako alipofukia lile bomba la tyubu. Ana mama yake mahali, na huenda siku moja atamleta. Mimi angalau nilidhani hakuna mtu atakayelala mle. Wewe unajua watalala, umeshapokea hata kodi ya mmoja wao. Unaniuliza nani ataona? Wewe umeshaona, nami nimeona, na Mungu hakungoja plasta ianguke ndipo aone ya kwangu.

Yang'oe, mwanangu. Yang'oe wiki hii, kabla ukuta haujafungwa, maana leo gharama yake ni mzigo wa bodaboda na aibu kidogo mbele ya fundi. Ukingoja, utalipa nyumba nzima, na huenda utalipa kitu ambacho maksai hawawezi kukilipia. Usijenge chochote ambacho usingemlaza bibi yako ndani yake. Jumamosi nakuja na Wambura. Amezeeka, lakini nyundo bado anaiweza, na nimemwambia kama atakuta plasta imeshapigwa, aanze kupasua bila kukusubiri.

Mungu aliyenivumilia mimi akuvumilie na wewe, ila asikuvumilie muda mrefu kama alivyonivumilia. Akupe kuta ambazo fundi akizipasua hutainamisha kichwa, na kila atakayefungua bomba kwako akatoa shukrani, shukrani hiyo iwe ya kweli. Chai yangu iweke, nitainywa kazi ikiisha.