Nyasi Mbichi Katika Wodi ya Wanawake

Mwezi uliopita nilirudi kwenye hospitali ya vichaa niliyokulia, ile iliyo juu ya kilima ukitoka Nshamba, nikakuta watu kutoka Bukoba mjini wanaipiga picha. Haina mgonjwa tena. Wanataka ihifadhiwe kama urithi wa majengo, na kijana mmoja, mbunifu majengo, akanionyesha matao ya baraza kana kwamba ndiyo kwanza nayaona. "Tazama kazi ya mawe, mama," akaniambia. "Siku hizi hakuna wa kujenga hivi." Nikamjibu kwamba ni kweli.

Wewe lakini nitakueleza zaidi. Matao yale yako upande wa barabara tu. Aliyechora jengo alijua wapita njia wataona nini: mawe yaliyochongwa, vigae vyekundu, baraza pana lenye kivuli. Zunguka nyuma. Huko madirisha yamewekwa juu kuliko kichwa cha mtu mrefu, ili mgonjwa aone mbingu asione njia. Milango ina vitasa kwa nje tu. Sakafu za saruji zimelazwa kwa mteremko mdogo kuelekea mfereji wa katikati, maana wagonjwa waliogeshwa humo humo wodini, kwa ndoo, wamesimama mstari. Sisi watoto tuliuona huo kuwa ujanja mzuri. Maji hayakutuama.

Mama yangu alikuwa dobi pale, nasi tulikaa chumba kimoja nyuma ya jengo la kufulia. Nikifumba macho nasikia harufu ya sabuni na moshi wa kuni, na ndizi zikichemka na maharage katika sufuria ambazo mtoto angeweza kulala ndani yake. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulipofika, walijaa alfajiri kwenye kuta nyeupe za ua. Wagonjwa walitumwa kuwaokota, wakawanyofoa mbawa na miguu kwa uangalifu mkubwa, kisha wauguzi wakaenda kuwakaanga makwao. Harufu ilirudi hadi wodini. Muuguzi mkuu alikuwa na msemo wake: kichaa hana ulimi wa kuonja.

Katika wodi ya wanawake alikuwamo mwanamke mmoja kutoka kijiji cha Kishanda. Alipofiwa na mtoto wake wa pekee aliacha kusema, akawa anazurura migombani, na kaka yake akamleta amefungwa mikono kwa kamba ya mgomba. Alipona. Daktari aliyekuwa akija kutoka mjini alisema aende nyumbani. Lakini utaratibu ulikuwa kwamba mgonjwa hatoki mpaka ndugu aje kumchukua, na ndugu hakuja.

Unajua desturi yetu ya zamani. Mgeni akitarajiwa, nyasi mbichi zilikatwa zikatandazwa sakafuni, na mgeni alipokanyaga ubichi ule alijua amesubiriwa. Basi kila Jumapili, siku ya kutembelea wagonjwa, yule mwanamke alitandaza nyasi kando ya kitanda chake, mabua yote yakielekea upande mmoja. Wagonjwa hawakuruhusiwa kushika kisu, kwa hiyo mama ndiye aliyemkatia kule kwenye mteremko wa kuanikia nguo, akaziingiza chini ya mashuka safi. Wauguzi walimtania: "Mgeni wako amekwama kwenye matope?" Jioni muuguzi mkuu alimpigisha magoti, aokote bua moja moja kwa vidole. Jumapili iliyofuata alitandaza tena.

Mwishowe mama alimtuma katekista apeleke habari Kishanda kwa ndugu zake kwamba dada yao amepona. Na kaka akaja.

Nilikuwa mlangoni na kapu la mashuka. Alikuwa amevaa koti zuri, na kofia mkononi. Alifika kizingitini, akaziona nyasi, akasimama hapo hapo barazani, chini ya tao. Hakuzikanyaga. Dada yake alipiga magoti, kama wanawake wa kwetu wanavyomsalimu kaka.

"Waitu, karibu ndani," akasema, kwa neno letu la heshima. "Nimepona."

Kaka hakuwa na hasira. Alisema kwa upole, kama mtu anayeeleza kwa nini kahawa haijakauka. "Tulishakulilia, dada. Tulinyoa nywele, tukakaa matanga, majirani wakaja wakala. Mtu haliliwi mara mbili."

"Lakini mimi mzima."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe kukuambia."

Kisha akamgeukia muuguzi mkuu na kumweleza kwamba katika ile nyumba ya dada, iliyo pembeni mwa kibanja, shamba lao la migomba, sasa anakaa mwanawe aliyeoa juzi. Akamkabidhi kifurushi cha kahawa ya kutafuna, shukrani kwa kumtunza ndugu yao.

Muuguzi mkuu alikipokea kwa mikono miwili. "Haya, marehemu," akamwambia mwanamke, "okota nyasi zako."

Hapo ndipo yule mwanamke alipopiga yowe, akalikamata koti la kaka yake. Wahudumu wawili wakambandua, wakamburuta hadi chumba cha peke yake. Daktari alipokuja tena aliambiwa ugonjwa umerudi, na wodi nzima ilikuwa shahidi. Sikumwona akitandaza nyasi tena.

Alikaa miaka mingi humo, mtulivu, akapinda pindo za mashuka, akafa. Kwetu mtu huzikwa katika kibanja chake, kati ya migomba yake. Yeye alizikwa kwenye ule mteremko wa kuanikia nguo, pasipo hata jiwe. Nilipomuuliza yule kijana kuhusu sehemu hiyo, alifurahi. Alisema mandhari yake ni nzuri, na ndipo watakapoweka viti na maua.

Nikirudi nilipita Kishanda. Nyumba za nyasi zimekwisha zote. Kila mlango uliokuwa wazi ulinionyesha saruji iliyopigwa deki, safi, inayong'aa. Nilikaribishwa chai katika mojawapo. Nilitazama chini kwa mazoea ya utoto, na sikuweza kujua kama mtu yeyote alikuwa akisubiriwa humo.